Mkanda mweusi wa aikido hauji kwa miezi sita

Mtoto wa darasa la nne akishatazama filamu ya Steven Seagal kwenye banda la video, maswali hayachelewi. Anataka kujua yule mtu anawezaje kumshika adui kifundo cha mkono na kumwangusha bila kutoa jasho. Akiambiwa kuwa mchezo ule unaitwa aikido na kwamba Seagal ana mkanda mweusi, swali linalofuata humgeukia mzazi: na mimi nitaupata lini?

Ni swali zuri, na wazazi wengi hulijibu kwa kukisia. Wengine humwambia mtoto aache ndoto za sinema. Wengine hukutana na mtu mjini anayejiita mwalimu, anayeahidi mkanda mweusi kwa miezi sita iwapo ada italipwa yote mapema. Mzazi wa Kigwa, ambaye kila safari ya Tabora mjini ni nauli ya kwenda na kurudi, anahitaji jibu lenye hesabu kabla ya kutoa shilingi yake.

Jibu lipo. Kwa kanuni za Aikikai, makao makuu ya aikido yaliyopo Tokyo, Japani, anayeanza kutoka sifuri anahitaji siku zisizopungua 300 za mazoezi, na awe ametimiza umri wa miaka 15.

Siku 300 zinavyohesabiwa

Aikido ilianzishwa na Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Alichota kutoka kwenye mbinu za kale za mapigano za Kijapani, akaunda mchezo ambao mtu hapambani na nguvu ya mwenzake, bali huigeuza njia na kumwongoza hadi aanguke au atulizwe chini. Jina la aikido lilianza kutumika rasmi mwaka 1942.

Madaraja ya mwanafunzi huitwa kyu, nayo huhesabiwa kwa kushuka. Kwa utaratibu wa makao makuu, mgeni hufanya mazoezi siku 30 kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa kyu ya 5. Baada ya hapo huhitaji siku 40 kwa kyu ya 4, siku 50 kwa kyu ya 3, siku 50 nyingine kwa kyu ya 2, na siku 60 kwa kyu ya 1. Akifaulu zote, hufanya mazoezi siku 70 zaidi ndipo aitwe kwenye mtihani wa dani ya kwanza, yaani mkanda mweusi. Jumla ni siku 300.

Hizo ni siku za kuwa kwenye mkeka, si siku za kalenda. Aliyejiandikisha Januari na kuhudhuria mara tano hadi Machi ana siku tano, hata kama amelipa ada ya miezi mitatu.

Tena hicho ni kiwango cha chini. Siku zikitimia, mwanafunzi anapata ruhusa ya kufanya mtihani tu; hazimpi mkanda. Na ziko nchi zinazodai zaidi. Shirikisho moja kubwa la Marekani limeweka siku ambazo zikijumlishwa, kutoka mwanzo hadi mkanda mweusi, zinapita 1,000. Mtu anayekwenda mara mbili kwa wiki huko atatumia takriban miaka kumi.

Hesabu ya mtoto wa Kigwa

Mzazi anaweza kuchukua kalamu. Mwaka una wiki 52, lakini mtoto wa kijijini hana wiki 52 za mazoezi. Kuna wiki za mitihani, wiki za malaria na mafua, misiba na sikukuu. Mvua zinapoanza kwenye Novemba, shamba linaita kila mkono wa nyumbani, na barabara nazo huwa na maneno yake. Ni busara kuhesabu wiki 40 kwa mwaka.

Anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki atapata siku 120 kwa mwaka, hivyo siku 300 zitamchukua miaka miwili na nusu. Anayefanya mara mbili atapata siku 80, na atahitaji karibu miaka minne. Anayekwenda Jumamosi peke yake atapata siku 40, nayo safari yake ni ya miaka saba na nusu.

Kisha kuna umri. Mtoto wa miaka tisa akianza leo, hata awe na bidii ya mchwa, hawezi kupewa dani ya kwanza ya Aikikai kabla ya miaka sita kupita. Hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi atilie shaka ahadi ya mkanda mweusi kwa mtoto wa darasa la tano.

Michezo mingine ina kalenda zake. Katika karate, mwanafunzi anayehudhuria vizuri kwa kawaida hutumia miaka mitatu hadi mitano au zaidi. Katika taekwondo, wenye umri chini ya miaka 15 hupewa daraja la watoto liitwalo poom, ambalo si sawa na dani ya mtu mzima. Katika jujitsu ya Kibrazili, safari huwa ya karibu miaka kumi, na shirikisho lake kuu la kimataifa halimtambui mwenye mkanda mweusi aliye chini ya miaka 19.

Tabora si Ujiji

Kuna jambo ambalo wazee wa Kigwa wanaweza kulieleza kuliko mwalimu yeyote wa Kijapani, kwa sababu kijiji chao kimekaa kwenye njia ya zamani ya misafara. Katika karne ya 19, wapagazi waliotoka Bagamoyo na mizigo ya nguo, shanga na waya walipita Tura, wakapita Rubuga, wakafika Kigwa wakijua kwamba Unyanyembe iko karibu. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa kama kilo 30 begani au kichwani.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7 mwaka huohuo. Ni zaidi ya miezi minne. Hapo walipumzika, wakatafuta wapagazi wengine na kufunga mizigo upya, kwa sababu ziwa walilolifuata lilikuwa bado mbali. Ujiji waliifikia Februari 1858.

Mkanda mweusi ni Tabora ya safari hiyo. Dani ya kwanza kwa Kijapani huitwa shodan, na maana yake ni daraja la mwanzo. Aliyeipata amethibitisha kuwa anajua misingi: kusimama, kushika, kugeuka, kuanguka na kumlinda mwenzake asiumie. Kwa kanuni zilezile za Tokyo, dani ya pili inadai angalau mwaka mmoja na siku 200 nyingine za mazoezi. Dani ya tatu inadai angalau miaka miwili na siku 300 juu ya hapo.

Utaratibu wa madani wenyewe haukutoka kwenye aikido. Ulianzishwa na Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliyetoa dani za kwanza kwa wanafunzi wake wawili mwaka 1883. Mikanda ya rangi mbalimbali ilikuja baadaye, ikapata umaarufu Ulaya katika miaka ya 1930 kupitia mwalimu wa judo Mikonosuke Kawaishi aliyefundisha Ufaransa. Ile hadithi kwamba zamani mkanda mweupe haukufuliwa hadi ukawa mweusi kwa jasho na vumbi ni ngano tu, ingawa watoto huipenda.

Tanzania nayo ina historia yake. Karate ya mtindo wa Goju-ryu ilipandwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Zanaki. Judo ya Zanzibar ilikuzwa kuanzia miaka ya 1990 na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani. Waliotoka kwenye mikono ya walimu wa aina hiyo waliipata mikanda yao taratibu, na wengine wakageuka walimu wa kizazi kilichofuata.

Somo la kwanza ni kuanguka

Mzazi akienda kutazama darasa zuri la aikido, huenda akashangaa kuona wanafunzi wapya hawamwangushi mtu yeyote. Wanajifunza kuanguka wao wenyewe. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo unaviringwa kama gurudumu, na mkono unapiga mkeka ili kupunguza kishindo. Somo hilo huitwa ukemi, na linarudiwa wiki baada ya wiki.

Kwa afya ya mtoto, hilo ndilo somo lenye thamani kuliko mkanda. Mtoto anaweza kumaliza shule bila kupigana na mtu hata siku moja, lakini ataanguka kwenye baiskeli, kwenye mwembe na kwenye utelezi wa kisimani.

Somo la pili ni kupiga mkeka mara mbili kwa kiganja. Ni ishara kwamba maumivu yameanza na mwenzako aachie mara moja. Aikido ina mbinu nyingi za kukunja kifundo cha mkono, kiwiko na bega. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ya gegedu ambako mfupa hukulia, na sehemu hiyo haifungi hadi miaka ya ujana. Ikijeruhiwa vibaya, mfupa unaweza kukua umepinda au ukasimama kukua. Kwa hiyo mwalimu anayejua kazi yake hawaruhusu watoto kukunjana viungo kwa nguvu. Huwafundisha mwendo, mizani na kuanguka, na mbinu za viungo huzisogeza mbele hadi miili ikomae.

Hapo ndipo haraka inapogeuka hatari. Mkanda wa miezi sita hauna nafasi ya wiki za kuanguka. Mtoto anarukishwa hadi kwenye kutupana kabla shingo yake haijajua kujibana. Japani, nchi yenye walimu wengi na mikeka mizuri, ilipata somo chungu katika judo ya shule. Zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kati ya mwaka 1983 na 2011, wengi kwa majeraha ya kichwa, na miongoni mwao walikuwamo wanaoanza tu mchezo. Baada ya takwimu hizo kuwekwa hadharani, msisitizo wa usalama uliongezwa na vifo vikapungua sana.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Kabla ya kulipa, mzazi ana haki ya kuuliza bila aibu. La kwanza: mwalimu ana daraja gani, alipewa na nani, na chama gani kinalitambua? Dani ya Aikikai huandikishwa Tokyo na mwenyewe hupewa cheti. Mwenye cheti hakioni kama siri.

La pili: klabu imesajiliwa? Klabu na vyama vya michezo nchini husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ofisa michezo wa halmashauri ni mtu wa kuanza naye kwa mzazi asiyejua pa kuulizia.

La tatu: watoto wanaangukia nini? Sakafu ya saruji na udongo mkavu wa kiangazi si mahali pa kutupana. Kama hakuna magodoro ya mazoezi, walau pawe na kitanda kinene cha mchanga au pumba za mbao kilichofunikwa kwa turubai iliyokazwa, kikaguliwe mawe na misumari kila siku. Hata hapo, watoto wabaki kwenye kujiviringisha karibu na ardhi na waache kutupana kutoka juu.

La nne: mtoto akigonga kichwa, mwalimu hufanya nini? Jibu sahihi ni kwamba mazoezi yake yanaishia hapo kwa siku hiyo na mzazi anapewa taarifa. Mtoto akitapika zaidi ya mara moja, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au maumivu ya kichwa yakizidi, anapelekwa kituo cha afya mara moja. Kumpa dawa ya maumivu na kumlaza ili aamke asubuhi akiwa salama ni kubahatisha na uhai.

La tano: mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama? Darasa linalofunga mlango kwa wazazi halifai, hata mwalimu awe na dani kumi. Mwalimu asiwe peke yake na mtoto chumbani au safarini, na kugusana kwa mazoezi kufanyike mbele ya wote. Mtoto afundishwe kwamba anaweza kukataa na kusema nyumbani, na kwamba heshima kwa mwalimu haina siri ndani yake. Penye dalili za ukatili, mzazi anaweza kupiga simu ya msaada kwa mtoto namba 116, isiyo na malipo, au kufika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mzazi naye ana ya kusema kwa mwalimu. Mtoto mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au selimundu amwone daktari kwanza. Mwenye selimundu hasa anahitaji maji ya kutosha, kupumzika mara kwa mara na kutosukumwa hadi kuchoka kabisa, na mwalimu ajue hivyo tangu siku ya kwanza.

Dalili za mkanda wa kununua

Ada ya mtihani si kosa. Mikanda, vyeti na nauli za watahini vina gharama. Tatizo ni pale ambapo kila mwezi kuna mtihani na kila mtihani una malipo mapya, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kushindwa. Dalili nyingine ni mwalimu anayetaja tarehe ya mkanda mweusi kabla hajamwona mtoto akisimama, anayedai ada ya mwaka mzima mkupuo mmoja, au anayewaambia watoto kwamba sasa wanaweza kumpiga mtu yeyote.

Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Fedha zikipotea zitatafutwa tena. Lakini kijana wa miaka 13 anayeamini kwamba mkanda wa miezi sita unamlinda dhidi ya mtu mwenye panga amepewa ujasiri wa uongo, naye anaweza kusimama mahali ambapo mwenzake asiye na mkanda angekimbia. Walimu wazoefu wa kujilinda huanza na hilo hilo: ondoka, piga kelele, tafuta watu wazima.

Kama darasa halipo karibu

Aikido haina madarasa kila mahali Tanzania, na mzazi wa Kigwa anaweza kuuliza huku na kule asipate. Si sababu ya kumkatia mtoto tamaa, wala si sababu ya kumpeleka kwa wa kwanza anayejitokeza. Karate au judo yenye mwalimu mzuri humpa mtoto karibu kila kitu anachokitafuta: nidhamu, wepesi na kuanguka salama. Klabu ya riadha ya shule, mpira wa miguu na netiboli nazo zinajenga mwili uleule.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu ya kati hadi kubwa. Mtoto anayekimbia kwenda shule na kucheza jioni anaweza kuwa tayari amezifikisha. Anayebaki ni yule ambaye simu na banda la video vimemmalizia jioni yake.

Darasa likipatikana, inafaa kuanza na miezi mitatu ya majaribio kabla ya kununua sare. Mzazi aweke daftari dogo na kuandika kila siku ya mazoezi ambayo mtoto amehudhuria. Bandu bandu huisha gogo, na mtoto akiona namba inapanda kutoka 7 hadi 8, kutoka 29 hadi 30, anajifunza kwamba mkanda una bei isiyolipwa kwa simu.

Daftari hilo litamsaidia mzazi pia. Siku mwalimu atakaposema mtoto yuko tayari kwa mkanda mweusi, na kurasa zikaonyesha siku 45, hakutakuwa na haja ya kugombana. Hesabu itakuwa imeandikwa, na mtoto mwenyewe atakuwa anajua kuisoma.